Barazani kwa Bi Mwalimu: Saa ya Mtoto wa Kaka

Jamaa zangu wa Portsmouth, London na Cardiff, na nyinyi mlioko Maskati na Dubai ambao kitabu chetu hiki hukufikieni sisi tukiwa tumeshakisoma na kukikunja pembe. Mwaka jana barazani hapa tulizungumza juu ya majina ya watoto wetu na namna yanavyovunjwavunjwa katika skuli za huku. Barua nilizozipata ni nyingi, nyengine za kunisifu na nyengine za kunitia adabu, na zote nimezisoma. Mwaka huu nina jambo dogo kwa kipimo, kwani upana wake ni milimita 41 tu, lakini limeleta maneno makubwa katika ukoo wetu. Jambo lenyewe ni saa ya mkono.

Wengi wenu mlikuwapo Idi Mosi nyumbani kwa kaka yangu nilipomkemea mtoto wake mbele ya watu. Ambao hawakuwapo wamehadithiwa, tena kwa kutiwa chumvi. Basi nitaeleza yalivyokuwa. Kijana alivaa saa mpya, na mjomba wake mmoja akamwuliza bei. Kijana hakuzoea kusema uwongo, akajibu kuwa ni karibu pauni 3,000. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la visheti. Nikaliweka chini, nikamwambia kuwa fedha hizo zingelipia karo za watoto wangapi huko kwetu, na kwamba babu yake alitengeneza saa za watu miaka thalathini na hakuvaa hata siku moja saa iliyofika robo ya bei hiyo. Ukumbi ukanyamaza kimya. Katika kimya kile ile saa ikalia, ting, mara moja. Bibi mmoja akasema, "Hiyo nayo yakujibu, Mwalimu!" Watu wakacheka. Mtoto wa kaka yangu hakucheka. Aliinamisha kichwa, akavuta mkono wa kanzu akaifunika saa yake, na kabla ya chakula kuandikwa alikwishaondoka.

Baada ya wiki mbili alikuja kwangu peke yake. Akanishika mkono akaubusu, akavua saa, akaiweka mezani mbele yangu. "Shangazi," akaniambia, "umenihukumu kwa bei. Itazame kwanza, kisha unihukumu tena." Nilikosa la kusema, kwa sababu maneno hayo ni yangu mwenyewe. Miaka mingi darasani niliwaambia wanafunzi wasome suala mpaka mwisho kabla ya kuandika jawabu. Basi nikafungua mtoto wa meza, nikatoa kile kioo cha kukuzia alichokuwa marehemu baba akikibana jichoni kazini, nikakaa kuitazama.

Kwanza nikwambieni inatoka wapi. Kampuni inaitwa Christopher Ward, ya Maidenhead, katika jimbo la Berkshire. Ilianzishwa mwaka 2004 na watu watatu, na saa zake za kwanza zikatoka mwaka 2005. Hawakufungua maduka ya vioo na mazulia. Waliuza kwa njia ya kompyuta, moja kwa moja kwa mnunuzi, ili faida ya muuza duka na gharama za matangazo zisipandishwe juu ya bei. Mwaka 2014 waliungana na karakana moja ya Biel, Uswisi, iliyokuwa ikiwaundia mitambo yao. Kwa hivyo saa zao huchorwa Uingereza na kuundwa Uswisi. Ukiwapima na majina makubwa ya Uswisi, hawa ni wauza kahawa mbele ya wenye majahazi.

Saa yenyewe ni C1 Bel Canto, maneno ya Kitaliano yenye maana ya uimbaji mzuri. Ilitoka mwezi wa Novemba mwaka 2022. Kasha lake ni la titani, madini mepesi ambayo husaidia sauti kutoka. Uso mdogo wa kusomea saa umewekwa juu, na chini yake mtambo wa kulia umeachwa wazi, kama jikoni mwa mtu asiyekuwa na la kuficha. Haina tarehe wala mshale wa sekunde. Pembeni imezungushwa uzi wa chuma, na kila saa inapotimia kinyundo kidogo huupiga uzi huo kama mtu apigavyo upatu. Nguvu ya pigo hukusanywa kidogo kidogo kwa muda wa dakika 60, kisha huachiwa kwa mara moja. Ukiwa msikitini au mazikoni, kipo kidude cha kubonyeza upande wa namba 4, nayo hunyamaza mpaka uiruhusu tena.

Nilipokwisha kuitazama nikamwambia kijana, "Kazi ni safi." Akafurahi, lakini mimi sikuwa nimemaliza. Nikataka kusikia wajuzi wanasemaje, kwa sababu jicho la shangazi si mizani ya soko. Akanichukua Jumamosi moja kwenye mkutano wa wapenzi wa saa, katika chumba kilicho juu ya mkahawa. Walikuwa watu kiasi cha ishirini, vijana na wazee, kila mmoja na saa zake tatu nne juu ya kitambaa. Nilikuwa mwanamke peke yangu, na bila ya shaka mwenye mtandio peke yangu. Wakanipa kiti na chai, na nilipotoa kioo cha baba mfukoni wakaninyamazia kwa heshima.

Wanaoisifu Bel Canto walisema hivi. Saa ya mkono yenye kulia ilikuwa ni kitu cha matajiri. Zile zinazogonga saa, robo na dakika kila unapozitaka hufika makumi ya maelfu ya pauni na kuzidi. Zamani zilitengenezwa kwa haja, ili mtu ajue wakati gizani bila ya kuwasha taa, na hapa hapa Uingereza, mwaka 1687, watu wawili waligombea haki ya uvumbuzi huo mpaka mfalme James wa Pili akaamua kwa kumpa Daniel Quare. Sasa kampuni ndogo imeleta sauti hiyo, japo kwa pigo moja tu, kwa bei ambayo mwenye mshahara wa kawaida anaweza kuifikia akijinyima. Mwaka 2023, katika mashindano makubwa ya saa ya Geneva, walipewa tuzo ya Petite Aiguille, inayotolewa kwa saa zisizokuwa za bei kubwa mno. Mzee mmoja alisema kuwa majina makubwa yangeweza kufanya hivi zamani lau wangetaka, ila hawakutaka.

Wanaoikosoa nao walikuwa na hoja. Wa kwanza alisema ule uso wa kusomea ni mdogo, saa yahitaji miwani. Hilo ni kweli, nami nilivaa yangu. Wa pili alisema jina halina uzito. Ukivaa saa hii harusini hakuna atakayejua umevaa nini, na siku ukitaka kuiuza jina halitakubeba. Wa tatu, aliyekuwa mkali kuliko wote, alisema kampuni haikuunda moyo wa saa yake. Moyo ni mtambo wa Sellita SW200, ambao unauzwa kwa kampuni nyingi na umo katika saa za bei ndogo kabisa. "Wameweka kilemba juu ya kichwa cha kukodi," alisema, au maneno yenye maana hiyo. Wengi wakatikisa vichwa kumwunga mkono, na nikamwona mtoto wa kaka yangu anaitazama saa yake kama mtu aliyeambiwa siri mbaya ya mchumba.

Hapo wakanigeukia mimi wakauliza rai yangu. Sikukusudia kusema, lakini mwalimu akiulizwa hujibu.

Niliwahadithia juu ya baba. Alikuwa na meza ya kazi katika kibanda kimoja Mji Mkongwe wa Unguja, upana wake ukinyoosha mikono waugusa ukuta huku na huku. Watu walileta saa zilizovunjika kamani, zilizoingia maji ya bahari, zilizoangushwa na watoto. Mimi nikitoka chuoni, msahafu ungali mkononi, hukaa chini ya meza yake kuokota vijiskrubu vilivyoanguka, na kila nikikipata kimoja hunipa senti tano. Mtoto wake wa meza wa chini ulikuwa umejaa saa zilizokufa. Nilimwuliza siku moja kwa nini hazitengenezi. Akaniambia, "Hizi si mbovu, mwanangu. Hizi ni mayatima. Waliozizaa wamekufa, na viungo vyao hakuna mwengine anavyo." Zilikuwa ni saa nzuri, za kampuni zilizojivunia kuunda kila kitu kwa mkono wao. Saa zenye mitambo ya kawaida, iliyotumiwa na kampuni kumi pamoja, alizitengeneza kila siku, kwa sababu moja ikifa hutoa viungo vya kumponya mwenziwe.

Basi nikawaambia wale mabwana kuwa aibu wanayoitaja wao, kwa fundi ni sifa. Mtambo unaotumiwa na wengi ndio mtambo ambao mjukuu ataweza kuutengenezea. Miaka arobaini ijayo kampuni hii huenda ipo na huenda haipo, kwani kampuni ndogo ni kama ngalawa, wimbi moja laweza kuipindua. Lakini moyo wa Sellita utapata fundi. Mimi hofu yangu iko pengine, katika ile sehemu ya juu, ya kinyundo na uzi wake, ambayo ni yao peke yao. Hiyo ndiyo itakayokuwa yatima. Yule aliyekuwa mkali alifikiri kidogo, akasema hakuwahi kuigeuza hoja upande huo. Hakukubali, lakini aliniongeza chai.

Wasije vijana wakafikiri naogopa kivuli. Tarehe 25 Desemba mwaka 1969 kampuni ya Seiko iliuza Tokyo saa ya kwanza ya mkono yenye kwenda kwa betri na kijiwe cha kwatzi. Ilikuwa ghali mno, lakini miaka haikupita mingi saa za namna hiyo zikawa rahisi kuliko viatu. Uswisi mwaka 1970 ilikuwa na wafanyakazi wa saa kiasi cha 90,000, na kufika katikati ya miaka ya themanini hawakufika 40,000. Hapa Uingereza kampuni ya Fears ya Bristol, iliyoanzishwa mwaka 1846, ilifunga kazi mwaka 1976, mpaka mwaka 2016 alipoifufua mtu wa kizazi chake. Lakini waliohesabiwa katika vitabu ni wenye viwanda. Fundi wa kibandani hakuhesabiwa na mtu. Wasafiri walikuja kutoka Dubai na saa za namba, kila mtoto na yake, na zilipokufa zilitupwa. Mwaka 1986 baba alikunja kitambaa chake. Hakufukuzwa na mtu, wala hakugombana na mtu. Watu waliacha kuja, basi.

Na hapa ndipo nataka kuungama kwenu. Siku ile ya Idi nilisema nina uchungu na fedha, na mwenyewe niliamini hivyo. Lakini nilipokuwa narudi na kijana katika gari moshi baada ya mkutano, nikajiuliza. Mwaka juzi jamaa yetu mmoja alinunua gari ya maelfu ya pauni kuliko haja yake, nami nilimpongeza na kuomba lifti. Kwa nini sikumtajia karo za watoto? Nilichoona katika mkono wa kijana yule ni saa ya kamani. Vilevile vitu ambavyo watu waliviona havina thamani hata ya kutengenezwa, mpaka baba akakaa bure kibandani, leo vimerudi kwa pauni 3,000, vinaitwa sanaa, na watu wanavikalia mikutano. Nilimkasirikia dunia iliyochelewa, nikampiga mtoto. Dunia nisingeipata ukumbini, na mtoto alikuwa karibu.

Naye anaijua hadithi ya babu yake kuliko nilivyodhani. Gari moshi ilipokuwa inaingia Portsmouth alinieleza kuwa alijiwekea fedha miaka miwili kutokana na zamu za usiku, na kwamba alitaka saa itakayokwenda kwa nguvu ya mkono wake, si ya betri, kwa sababu ya picha ya babu mezani kwake iliyopo ukutani kwetu. "Nilitaka kukuonyesha wewe kwanza, Shangazi," alisema, "lakini mjomba aliuliza bei mapema."

Liko jambo jengine juu ya saa hii ambalo wale wajuzi hawakuliona, wala wasingeliona. Nyinyi mtanifahamu. Sisi saa yetu huanza kuhesabiwa jua linapotua na linapochomoza, na saa moja yetu ni saba yao. Nyumbani mwetu saa ya ukutani ilikuwa ikisema saba nasi tukisoma moja, na tulikua hivyo bila ya kuona ajabu. Lakini saa yenye kugonga hesabu haivumilii mambo mawili. Saa kubwa za minara ya huku hugonga saba asubuhi, na mama yangu, Mungu amrehemu, mwaka wake wa kwanza hapa alikuwa akihesabu mapigo kisha akitoa sita kwa vidole kabla ya kuteleka chai. Saa ya mtoto wa kaka hugonga pigo moja tu, kila saa. Baadhi ya wale mabwana waliiona ni kasoro, kwamba yakwambia saa imetimia wala haikwambii ni saa ngapi. Mimi nasema ndiyo saa ya kwanza yenye kulia niliyokutana nayo huku ambayo haikugombana nami. Yasema saa imepita. Hesabu yaniachia mwenyewe.

Sasa vijana, najua mmoja wenu atasoma hapa na kusema, "Bi Mwalimu karuhusu." Sikuruhusu. Pauni 3,000 ni fedha nyingi, na bado nasema hivyo. Mwenye kutaka kununua kitu cha namna hii, iwe saa au kamera au cherehani, ajiulize mambo matatu. La kwanza, je, haki za watu zimekwishatoka katika fedha hii? Yaani wazazi, deni, na mchango wa ukoo. Nilipotazama daftari la mchango wetu niliona jina la mtoto wa kaka kila mwezi bila ya kukosa, jambo ambalo ningelitazama kabla ya Idi na si baada yake. La pili, nani atakitengeneza? Kampuni hii hutoa dhamana ya miezi 60, na siku 60 za kurejesha ukijuta, na hilo ni jema. Lakini dhamana ina mwisho na kamani nayo ina mwisho, basi uliza mapema mwisho wa pili uko kwa nani. La tatu, ungekivaa lau hakuna atakayeuliza jina lake? Katika mkutano ule niliona watu waliovaa majina, na niliona watu waliovaa saa. Wa pili ndio waliokuwa wakitazama wakati.

Kwa hayo yote, rai yangu juu ya Bel Canto ni hii. Kazi ni safi, bei ni nzito lakini si ya wizi, uso wa kusomea ni mdogo kwa macho ya umri wangu, moyo wake ni wa kuaminika, na sauti yake ni nzuri na ina adabu. Lau baba angeletewa mezani kwake, angeibana jichoni muda mrefu kuliko lazima, kisha angesema bei ya kuitengeneza ni ndogo kuliko alivyostahili, kama alivyosema kila siku.

Limebaki moja. Nilimkemea kijana mbele ya watu, na haiwi haki nimwombe radhi chumbani. Ndiyo maana nimeandika haya hapa, mahali ambapo kila aliyecheka siku ile ataona. Mwanangu, nilikosea, naomba unisamehe. Kile kioo cha babu yako nimekitia katika kifuko na kukiandika jina lako, kije kwako siku utakapokuja kunitazama, na usikawie. Njoo na saa, na usiizime.

Nyinyi wengine, nileteeni barua kama desturi. Nataka kusikia habari za mafundi wa ukoo wenu, wa saa, wa majahazi, wa kofia na wa vitanda, walikuwa wapi na vyombo vyao viko kwa nani. Mwaka ujao, tukijaaliwa, tutavizungumza barazani hapa.

Wassalaam,
Bi Mwalimu